Ndama wa Benki

Wiki iliyopita, kwenye kaunta ya benki hapa Singida Mjini, nilimkuta mtaalamu wa uchumi kutoka chuo kikuu. Mambo ya benki ndiyo aliyosomea, akaja kuuliza kwa nini wafugaji hawaweki fedha zao humo.

"Shikamoo mzee," alimwamkia mfugaji wa Misigiri aliyekuja kuvunja noti.

"Marahaba, mwanangu."

"Ukiuza ng'ombe, fedha ilete hapa. Itazaa."

Mzee alitafakari. Kwetu ukimwachia jirani ng'ombe wako amtunze, yeye hunywa maziwa, ndama ni wako.

"Maziwa atakunywa nani?"

"Benki."

"Haya. Na ndama wangu, mwaka ukiisha, atafika hapa?" Akaweka kiganja usawa wa goti.

Mtaalamu ni mtu mkweli. Alisogeza kidole gumba na cha shahada mpaka vikakaribia kugusana.

"Mwanangu," mzee alisema kwa huruma, "huyo si ndama. Huyo ni kupe."

Foleni nzima tulicheka, karani naye. Mtaalamu aliandika, akafuta, akaandika tena.

Jana nilimwona mnadani, tai shingoni, kashika kamba ya mtamba, anamwuliza mzee yule yule kama zizini kuna nafasi. Utafiti wake, nasikia, utachelewa kidogo: unasubiri mtamba azae.