Mtafsiri Nyuma ya Lori

Siku yangu ya kwanza kazini Mwingi, Msimamizi wa Kambi alinipa helmeti na onyo. "Ukikosa neno, usibahatishe. Uliza, ama mashine itachimba shamba ya mtu bure." Kampuni ilikuwa ya Wakorea wachimbao visima, nami nilikuwa mtafsiri wao. Lugha nilifundishwa na mmishonari mmoja kanisani Migwani.

Maneno yao mengi yana maana mbili tatu. Dari ni mguu, tena ni daraja. Nun ni jicho, tena ni theluji, ambayo mimi sijaiona. Vijana wa leo hukariri neno likiwa peke yake, na huko ni kujichosha. Mimi nilijifunza neno pamoja na kitendo chake: dari ikivukwa ni daraja, ikiuma ni mguu. Na kwa kuwa Kikorea huweka kitendo mwisho wa sentensi, mtafsiri hungoja. Mwenye pupa hatufai.

Kisha nikapelekwa Nuu chini ya Injinia Mkuu. Wapimaji walikuwa wamepata maji mahali pamoja tu, shambani kwa mjane mmoja. Akikataa siku hiyo, mashine ingehamishwa, na kina mama waendelee kufukua mchanga wa mto. Mjane huyo alikuwa mama mkwe wangu. Kwetu Ukambani kuna nthoni: mwanamume hamkabili mama mkwe wake wala kuongea naye. Nikajiweka nyuma ya lori.

"Toka huko!" Injinia akafoka. "Mtafsiri husimama kando yangu."

"Huyo ndiye mama wa mke wangu," nikamjibu. "Nikisimama mbele yake nimemvunjia heshima."

"Basi paza sauti."

Wakazungumza hivyo, mimi nikipiga kelele kutoka kwenye magurudumu. Mwishowe mama akamwambia kwa Kikamba, "Chimbeni. Wewe mgeni sikujui, lakini huyo aliye nyuma ya lori namwamini. Nilimpa mtoto wangu, na sijajuta."

Sheria ya kazi yetu ni kwamba mtafsiri husema "mimi" kwa niaba ya msemaji, haongezi wala hapunguzi. Nikayasema yote kwa Kikorea.

Sasa nimestaafu. Kisima kinatoa maji, na mama mkwe tumeshamzika. Maisha yake yote hakunisemesha hata neno. Sifa aliyonipa ni ile moja tu, na ilibidi niitangaze mwenyewe.