Mbishi Alipoanza Kusema Ndiyo

Mtaani walimwita Mbishi, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi rangi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza, kisha akuulize kama una uhakika si manyunyu. Mkewe, aliyeshona sare za shule chumba cha mbele, alikuwa ameishi naye miaka ishirini na sita bila kushinda hoja hata moja. Alishazoea, kama mtu anavyozoea kukaa jirani na mashine ya kusaga.

Siku ya ajali Mbishi alikuwa juu ya ngazi akipaka dari ya ukumbi. Mwenye kazi akamwonya kwamba ngazi imeegemea vibaya. Mbishi akageuka ili amweleze kwa nini haikuegemea vibaya, na hapo hapo akaporomoka yeye na ndoo yake, kichwa kikitangulia. Alilazwa wiki mbili. Picha ya kichwa ilionyesha ubongo umevia damu kidogo upande wa mbele, lakini hakuhitaji kupasuliwa. Akarudi nyumbani na bandeji, na tabia mpya kabisa: alikubali kila kitu.

Siku tatu za mwanzo mkewe alipumua. Alihamisha kabati, akaihamisha redio, akapanga mambo ya nyumba apendavyo, na mume akasema ndiyo. Mama mkwe alikuja kumjulia hali na, kwa mazoea, akamkumbusha kwamba binti yake angeweza kupata mume wa maana zaidi. "Ni kweli, mama," akajibu mkwe wake. Bibi wa watu aliweka kikombe chini, akaaga mapema.

Siku ya nne mkewe akaingiwa na wasiwasi. Akasema makusudi, huku akikata kitambaa, kwamba buluu na kijani ni rangi moja.

"Ndiyo, mke wangu," akasema mtu aliyefanya kazi ya rangi miaka thelathini.

Mkewe aliweka mkasi chini, akavaa viatu, akamrudisha hospitali.

Walipokelewa na mwanasaikolojia, dada mmoja mpole mwenye saa ya kupimia muda na rundo la karatasi. Alimtajia Mbishi maneno matano ayakumbuke; baada ya dakika chache akakumbuka moja. Alimwambia atoe saba kutoka mia, aendelee kushuka. Akafika tisini na tatu akapumzika hapo. Kisha dada akamgeukia mke, akauliza mgonjwa alikuwaje kabla ya kuanguka. Mke akasema alikuwa hakubali kitu. Dada akaliandika hilo na kulipigia mstari. Akaeleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia mtu anaweza kupoa na kuwa mzito wa kufikiri, na kwamba alama peke yake hazisemi mengi kama hujui mtu mwenyewe alikuwa nani. Akawapa mazoezi ya nyumbani, akawataka warudi baada ya miezi mitatu.

Waliporudi, dada alianza upya na maneno mengine matano: kiatu, mto, fagio, zabibu, kengele.

"Mto upi?" akauliza Mbishi. "Wa maji au wa kulalia?"

Mkewe alikaa wima kwenye kiti.

Dada akasema wowote ule. Mbishi akasema haiwezekani ukumbuke kitu ambacho mwenye nacho hakijui. Alipoambiwa achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, akaweka kalamu mezani. Alitaka kujua ni tano ya mdomoni au tano iliyoandikwa kwenye saa, maana mshale ukisema kumi na moja sisi tunasema tano, na hilo si kosa lake. Alipoambiwa ataje wanyama akasema "paa", kisha akafafanua, bila kuulizwa, kwamba si la nyumba. Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na dada hakujua kama analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili.

Majibu yalikuwa mazuri, si mazuri kabisa. Maneno alikumbuka matatu. Ukimpa mambo mawili kwa mpigo, moja lilidondoka. Ngazi alikatazwa mpaka atakapopimwa tena, na hapo alibisha kuanzia chumba cha vipimo hadi kituo cha basi, mkewe akimsikiliza kama anayesikiliza taarabu.

Sasa anafanya kazi na shemeji yake, kaka wa mke. Mbishi anapaka nusu ya chini ya ukuta, shemeji anapanda kupaka ya juu. Katikati, mahali rangi zinapokutana, hubaki mstari mwembamba, na kila mmoja anashikilia kwamba ni wa mwenzake.