Yai la Koku

Juzi, katika kliniki moja ya Bukoba, nesi alimwambia mjukuu wangu wa kike ale yai kila siku na aende shule kwa miguu, aachane na bodaboda. Binti akanuna. Mimi nikajikuta namtazama kidevu.

Kwetu Kagoma, nilipokuwa mtoto, yai halikuwa chakula cha mwanamke. Shangazi aliniapia kwamba msichana akila yai anaota ndevu. Kisha dada yangu Koku akazimia kwenye mchakamchaka wa shule. Mchana ule ule Bibi Maendeleo, yule mama wa serikali aliyefundisha lishe vijijini, akaja na baiskeli yake, akachemsha mayai mawili jikoni kwetu, kwenye moshi na harufu ya ndizi.

"Kukimbia ni kuzuri," alimwambia baba, "lakini huyu anakimbia na ndizi tupu tumboni."

Nilitoka, nikarudi, nikachungulia, nikatoka tena. Hatimaye baba akasema, "Ale."

Koku alikula moja huku analia. Tangu hapo sikumwacha. Akienda kisimani nipo, akikata nyasi za kutandika nyumbani nipo, nakikagua kidevu. Hakikuwa na kitu.

Nilikimbia kumpa mama habari, nikamkuta nyuma ya jiko, amenipa mgongo. Aligeuka kwa kushtuka. Kidevuni alikuwa na kitu cha manjano.

"Mama, ndevu zimeanza!" nilipiga kelele.

Aliniziba mdomo. Vidole vyake vilinuka kiini cha yai. Tangu aolewe alikuwa akifuga kuku.

"Kumbe tamu hivi," alininong'oneza.