Nyonga ya Fundi wa Milango

Kwa miaka mingi, kila gari lililotoka katika kiwanda kile lilipita kwanza kwenye nyonga ya mtu mmoja. Alikuwa fundi wa milango. Kazi yake ilikuwa kuupachika mlango kwenye bawaba, kuusawazisha mpaka pengo kati yake na bodi liwe sawa juu na chini, kisha kuufunga. Huko kufunga ndiko kulikompa jina. Alishika mpini, akauinua mlango kidogo, akageuka upande na kuusukuma kwa nyonga: pu! Wenzake walimwita Nyonga. Hata meneja, mtu wa kuita watu kwa vyeo vyao, alimwita Fundi Nyonga.

Hazikuwa mbwembwe. Gari lenyewe, dogo la milango minne, lilianza kuundwa likiwa na kitasa kibaya: ulimi wake ulikaa chini ya tundu kwa kiasi cha unene wa ukucha. Usipouinua mlango na kuupa nyonga, ulirudi. Kampuni mama, iliyokuwa ng'ambo na ndiyo iliyoleta vitasa hivyo, ilichukua muda mrefu kukubali kwamba tatizo lipo, na muda mrefu zaidi kuliondoa. Hatimaye vikaja vitasa vipya, vizuri kabisa. Mlango sasa ulifungika kwa kidole.

Hakuna aliyetumia kidole. Kiwanda kizima kilikuwa kimeshazoea, kuanzia wapaka rangi hadi mlinzi wa getini. Wafanyakazi waliomiliki magari hayo walikwenda na mtindo ule nyumbani, wake na waume zao wakaushika, watoto wakaushika. Ukisimama asubuhi nje ya shule ya jirani, ulijua bila kuuliza ni mzazi yupi anafanya kazi kiwandani.

Shida ya kampuni, basi, haikuwa kitasa tena. Shida ilikuwa kwamba magari hayakununuliwa. Yalipangwa safu kwa safu katika uwanja wa nyuma, na nyasi zilikuwa zimeanza kuyafikia kwenye taa. Magazeti yakaandika kwamba kampuni mama imechoka na inafikiria kukiuza kiwanda, na kwamba kampuni nyingine ya magari, kubwa kuliko hiyo, imeonyesha nia.

"Bora ingeuza tu, tulie tunyamaze," alisema fundi wa breki, jirani yake Nyonga kazini. "Sasa inafikiria! Mimi mke wangu akiniambia anafikiria, najua leo nalala njaa."

Nyonga alikuwa na sababu yake ya kutaka kujua. Kampuni ile kubwa ilijulikana kwa kuleta milango iliyokwisha kukamilishwa kwingine, vioo na vitasa vikiwa ndani, na kuipachika kwa mashine. Ikinunua, wa kwanza kuonyeshwa geti angekuwa yeye. Wakati huohuo rafiki yake wa tangu ujana, mwenye karakana ya milango na madirisha ya alumini, alikuwa akifungua tawi jipya na amemwomba akalisimamie. Alitaka jibu Jumatatu, kwani kulikuwa na mtu mwingine aliyeitaka nafasi hiyo. Nyonga akiondoka na kiwanda kisiuzwe, atakuwa ameacha kazi anayoipenda kwa ajili ya uvumi. Akibaki na kiuzwe, atakuwa amekosa huku na huku.

Jibu lilikuwa karibu kuliko alivyopenda. Lilikuwa limemwoa binti yake.

Mkwe huyo alikuwa ofisa katika kampuni ileile kubwa, kwenye kitengo cha kukagua mali kabla haijanunuliwa. Kijana wa adabu, mwenye kuvua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue.

"Muulize," alisema mke wa Nyonga.

"Nimuulize mkwe? Nimwambieje? 'Mwanangu, mnanifukuza lini?'"

"Muulize kistaarabu."

"Kistaarabu ndivyo tunavyoishi tangu aoe! Namuuliza habari za kazi, ananiambia nzuri. Ananiuliza habari za kazi, namwambia nzuri. Wote tunaongopa, tunakunywa chai, anaondoka."

Mama yake Nyonga, aliyekuwa pembeni akishona kifungo cha sweta, hakuinua macho. "Nitamuuliza mimi. Yule ni mume wangu, hanifichi kitu."

"Mama, tafadhali."

"Mama tafadhali nini? Mume ni wangu au ni wako?"

Ujumbe wa wanunuzi ulifika kiwandani siku ya Ijumaa. Meneja alikuwa amepakisha rangi kuta, amefagilisha hata juu ya makabati, na amepiga marufuku neno "kasoro" wiki nzima. Kuhusu nyonga hakusema lolote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiiona tena. Ujumbe uliongozwa na mama mmoja mfupi mwenye miwani, aliyeshika kalamu kama fimbo. Mkwe alikuwa wa mwisho kabisa, akitazama sakafu kana kwamba ndiyo inayouzwa.

Alipofika mbele ya baba mkwe wake, alisema, "Shikamoo," kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Marahaba," Nyonga aliujibu mlango, kisha akaufunga. Pu!

Yule mama akasimama. Hatua chache mbele, dereva wa majaribio alishuka garini na kufunga. Pu! Mhasibu aliyefuatana na wageni alichungulia gari jingine, akafunga. Pu! Meneja mwenyewe, ndani ya suti yake mpya, aliwafungulia wageni mlango waone viti vilivyo laini, akaufunga, na mkia wa koti ukaruka.

"Kwa nini mnafanya hivyo?" mkuu wa ujumbe aliuliza.

"Hivyo vipi?" Meneja aliuliza kwa moyo safi.

Mama akaielekeza kalamu kwenye nyonga ya meneja. Meneja akaitazama. Pampu ya upepo ilisikika ikihema upande wa pili. Ukweli ungemtoka kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ilihitaji neno alilolipiga marufuku mwenyewe.

"Ni mazoezi," alisema.

"Mazoezi?"

"Ya viungo. Tuna mpango wa afya ya mgongo kwa wafanyakazi."

Fundi wa breki aligeukia ukuta, akakohoa kwa muda mrefu.

"Vizuri," alisema mama. "Na nani anauongoza?"

Meneja aliangaza macho huku na huku. "Fundi huyu hapa."

Nyonga aliinamisha kichwa kama mtu aliyepandishwa cheo akiwa usingizini.

Jumapili mkwe alikuja nyumbani peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema mkewe ana mafua. Alivua viatu, akakaa kwenye ncha ya kiti, akapewa chai.

"Habari za kazi, Baba?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri."

Mke wa Nyonga alimkazia mumewe macho. Nyonga akasafisha koo. "Mwanangu, kuna jambo nataka kukuuliza."

"Hata mimi, Baba."

"Basi anza."

"Hapana, Baba, wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye mgeni."

"Siwezi kukutangulia, Baba."

"Naanza mimi," alisema bibi, "maana chai itapoa hii. Mume wangu, mnanunua au hamnunui?"

Mkwe alikiweka kikombe chini taratibu. "Bibi, haki ya Mungu, sijui."

"Basi umefuata nini?"

"Nimetumwa." Alimgeukia Nyonga, lakini aliongea na meza. "Nisamehe, Baba. Mkuu wetu anasema milango ya gari lile haifungiki na mnaficha. Akaniambia, wewe una baba mkwe mle ndani, nenda kamuulize kistaarabu."

"Kistaarabu," mke wa Nyonga alirudia, akimtazama mumewe.

Nyonga alijisikia kutukanwa. Si yeye, mlango. "Haifungiki? Mlango wangu mimi? Sikiliza. Zamani kitasa kilikuwa kibaya. Kikabadilishwa. Kitasa kikabadilika, sisi tukabaki vilevile. Basi."

"Na mpango wa afya ya mgongo?"

"Mwachie meneja mgongo wake."

"Baba, nakuamini. Lakini nikiandika kwamba kiwanda kizima kinapiga milango nyonga bila sababu, watasema nimekuja kulishwa maneno kwa wakwe."

"Inuka. Njoo nikuonyeshe."

Walitoka hadi uani lilipoegeshwa gari la familia, la kiwandani, lenye vitasa vipya. Nyonga alifungua mlango wa dereva, akarudi nyuma, akakunja mkono wa shati. "Tazama. Kidole kimoja."

Alinyoosha kidole, akaugusa mlango. Mlango ulianza kwenda taratibu, vizuri, bila haraka. Kabla haujafika, nyonga iliuwahi. Pu!

"Hiyo ilikuwa ya kujaribu," alisema.

Ya pili ikawa hivyohivyo. Kwa ya tatu alimwomba mkewe amshike mkanda kwa nyuma. Mke aliushika barabara, akajikaza. Kidole kikagusa, mlango ukaenda, na wote wawili wakaenda nao. Pu!

"Majirani!" sauti ilisikika juu ya ukuta. "Hiyo ngoma mbona hamkutualika?"

"Pisheni, mimi sijawahi hata kufanya kazi kiwandani," alisema mke. Akafunga yeye. Pu!

Mkwe, kwa heshima, aliomba ajaribu. Alisahau kwamba gari hilohilo ndilo alilokuwa akimrudishia binti wa watu nyumbani enzi za uchumba, na kwamba kila mara aliufunga mlango mbele ya macho ya baba mkwe, akimuiga ili apendwe. Pu! Aliitazama nyonga yake kama ya mtu mwingine.

Bibi alikuwa amesimama kizingitini na mkongojo. Maisha yake yote garini alifunguliwa na kufungiwa. Hakuna aliyewahi kumwachia mlango. "Tokeni hapo," alisema. Akausukuma kwa ncha ya mkongojo.

Tik.

Hakuna kati yao aliyewahi kusikia sauti hiyo. Nyonga aliufungua mlango kuhakikisha kwamba kweli ulikuwa umefungwa.

"Rudia, Mama."

"Kwani mimi ni fundi?"

Mkwe alicheka kwa mara ya kwanza tangu aoe. "Nitaandika kwamba mlango ni mzima, wenye kasoro ni wafungaji."

"Andika hivyohivyo."

Lakini alipokuwa akiondoka, Nyonga akimsindikiza, kijana alisita kando ya gari lake. "Baba, kuhusu kununua, hata mkuu wetu hajui. Ila kama kuna mtu amekupa nafasi mahali pengine... mimi sijasema kitu."

"Nami sijasikia kitu," alisema Nyonga, na akawa amesikia vya kutosha.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye karakana ya rafiki yake akiwa na neno "ndiyo" kwenye ncha ya ulimi. Rafiki alimpokea kwa mikono miwili, akampeleka kwenye tawi jipya. Mbele kulikuwa na mlango wa maonyesho, kioo kitupu kuanzia juu mpaka chini, wembamba wa fremu yake ukiwa ndio fahari ya duka.

"Karibu kwako," alisema rafiki, akatangulia ndani.

Nyonga aliingia. Akageuka kuufunga mlango nyuma yake, kama mtu yeyote mwenye adabu. Alishika mpini, akauinua kidogo.

Kioo hakikuanguka chote. Nusu ya juu ilibaki kwenye fremu, ikifikiria.

"Umeumia?" rafiki aliuliza.

"Hapana."

"Ndivyo unavyofunga milango?"

Neno "mazoezi" lilimjia Nyonga, akalimeza. "Ndivyo."

"Yote?"

"Yote."

Rafiki alichukua ufagio. Alifagia kidogo, akasimama, akafagia tena. "Ndugu yangu, nakupenda sana, unajua. Rudi kwenye milango yako ya bati."

Mkewe alikuwa akimngoja barazani. "Umemjibu nini?"

"Mlango umenijibia," alisema, na mkewe, alipoona vumbi la kioo likimeta kwenye suruali upande wa nyonga, hakuuliza tena. Aliyecheka ni bibi, mpaka akaomba maji.

Kesho yake kiwandani meneja alimwita ofisini. Kampuni mama ilikuwa bado inafikiria. Wanunuzi nao walikuwa wamepokea ripoti ya ajabu kuhusu mkongojo, na mama mwenye miwani alitaka kurudi wiki ijayo ajionee mwenyewe milango ikifungwa na wafanyakazi kwa kidole. Akiiona, mazungumzo yataendelea na kazi ya kupachika milango itabaki hapahapa. Asipoiona, basi.

"Wewe si ndiye kiongozi wa mazoezi?" alisema meneja. "Ongoza."

Kwa hiyo wakati wa mapumziko ya chai kiwanda kizima kilipangwa uwanjani, kwenye nyasi, kila mtu mbele ya gari lililokosa mnunuzi na mlango ulio wazi. Nyonga alisimama mbele yao, miguu pamoja, mikono ya mke wake ikiwa haipo kumshika. Fundi wa breki alikuwa safu ya kwanza, amejifunga kamba kiunoni na kuifunga kwenye nguzo ya taa.

"Kidole!" aliamuru Nyonga.

Vidole vikanyooshwa.

"Taratibu. Mlango unajua kwenda wenyewe. Uacheni uende."

Milango ikaanza kwenda, uwanja mzima, bila sauti. Nyonga alishusha pumzi. Kisha, kutoka safu ya mwisho, karibu na ngazi za ofisi, alikosimama meneja na suti yake, ikasikika: pu!