Mstari Nilioruka

Siku ile siisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso hunichoma. Nilikuwa kijana, mgeni hapa Durban, na baada ya kazi ya bandarini nilisaidia jarida dogo la watu wenye kompyuta za nyumbani. Tulilitengeneza mtaa wa Berea, kwenye meza ya chakula ya mhariri.

Zamani hizo programu haikupakuliwa. Tuliichapa jaridani, mstari baada ya mstari, na msomaji aliiandika yote kwa mkono wake kwenye kompyuta iliyounganishwa na televisheni. Kinapokosekana kitu kidogo tu, programu yote hugoma. Kazi yangu ilikuwa kunakili mistari hiyo. Nilijiona hodari, nyani haoni kundule.

Jumamosi moja akaja Mama Furaha, Mswahili mwenzetu kutoka Bukavu, Kongo, aliyeshona nguo kule Isipingo, kusini mwa jiji, pamoja na bintiye. Alikuwa amenunua kompyuta kuukuu ili Furaha ajifunze hesabu kwa programu yetu. Kando ya kila mstari jaridani alikuwa ametia alama ya kukagua mara tatu, kwa kalamu za rangi tatu.

"Kaka, niliandika yote. Inagoma tu. Shida iko wapi?"

Nikatazama ukurasa, nikaona. Mstari mmoja haukuwapo. Niliuruka mimi. Lakini sifa ni tamu, mwanangu, nami sikutaka kuipoteza.

"Mama, rudia polepole. Mashine haikosei."

Furaha akamcheka mama yake. "Si nilikuambia ni wewe!"

Mama akakunja jarida, akanishukuru. Naam, alinishukuru.

Baadaye barua za wasomaji wengine zikaja, na mhariri akaliona kosa. Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Yule mama wa Isipingo ulimjibu nini?" Nikainama. Akasema, "Masahihisho nitayachapa. Lakini yeye ulimwambia kwa mdomo. Nenda kwa mdomo."

Nikaenda, na mstari ule kwenye karatasi. Nilimkuta kwenye cherehani.

"Ile mashine? Nilishaitoa kwa watu. Kichwa yangu haiko ya mambo ile."

Nikamweleza ukweli. Akaichukua karatasi, akaisoma. "Mstari moja tu?" Kisha akaita, "Furaha! Kuja usikie. Kaka, mwambie na yeye."

Nikamwambia mtoto yule kwamba mama yake hakukosea hata herufi moja. Akanitazama, akauliza, "Sasa mashine yetu itarudi?"

Haikurudi.

Mwanangu, jana pale dukani unapotengeneza simu ulimwambia mteja, "Eish, mama, umeibonyeza vibaya," na kioo cha simu ile ulikibana vibaya wewe. Nilikuona. Sikugombezi, nilishasimama hapo uliposimama. Mficha uchi hazai. Anayekuja kwako kutaka msaada amekukabidhi imani yake juu ya akili yake mwenyewe. Ukikosea, sema "ni mimi" palepale, kabla hajaamini kwamba ni yeye. Mpigie simu mteja yule leo. Utaweza.

Mungu akupe mikono mizuri, na ulimi unaowahi kukiri kabla mteja hajatoka mlangoni. Amina.