Kitanda Kilichoshuka Kidole

Kazini wanamwita mume wangu Bwana Unywele, na mimi nasema jina limempata. Miaka ishirini na mbili anachora pampu na mota za mafuta, zile ndogo zinazoenea kiganjani lakini zinanyanyua bodi la tipa lenye mchanga. Hana habari nyingine: nafasi kati ya gia na ukuta wa pampu iwe sehemu ya kumi ya unywele. Ikizidi, mafuta yanarudi yalikotoka. Ikipungua, gia zinakwama. Nimeyasikia hayo mezani mpaka nikatia pamba masikioni.

Mama yake alipoanza kushindwa kupumua akilala chali, tulimleta kwetu. Tuliambiwa kichwa chake kikae juu muda wote. Mtu mwingine angenunua mito. Wangu alichora pampu, akaichonga mwenyewe karakanani, akaifunga chini ya kitanda. Ukibonyeza swichi, upande wa kichwa unapanda taratibu. Siku hiyo alitamba humu ndani, hakukalika.

Kufika alasiri kitanda kilikuwa kimeshuka kidole kizima, na mama anakohoa.

"Weka mito basi," nikamwambia.

"Mito! Miaka yote hii niko kwenye pampu, halafu mama yangu alalie mito?"

Alichonga gia upya mara tatu, na mara zote tatu kitanda kikashuka. Msimamizi wake alikwisha kumshauri aongeze vali ya kuzuia mafuta yasirudi, lakini vali ingeinenepesha pampu, na sifa ya mume wangu ni udogo. Hapo nikampasha.

"Unashindana na nani humu ndani? Mama anakohoa, wewe unatafuta sifa?"

Kesho yake akaja na pampu nene, yenye vali. Kitanda hakikushuka tena hata uzi.

Mama akaendelea kukohoa vilevile. Tukampeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, hakujua anaongea na nani, akaanza kumweleza mume wangu kwamba moyo ni pampu. Nilitaka kucheka, nikamwona uso, kicheko kikaniishia.

"Wa mama unatoa lita ngapi kwa dakika?" mume wangu akauliza, kalamu na daftari mkononi.

"Mbili na kidogo."

"Inatakiwa ngapi?"

"Kama tano hivi, mtu akiwa ametulia."

"Na hakuna cha kubadilisha?"

"Kwa umri wake na hali yake, hapana. Tutampa dawa za kumpunguzia tabu."

Akafunga daftari. Mimi bado nilikuwa nangoja kuelezwa, yeye alikwisha kuelewa kila kitu, na kuelewa huko hakukumsaidia chochote. Roho iliniuma kumwona vile.

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anapiga magoti kando ya kitanda na rula yake ndefu ya chuma, anapima kutoka sakafuni mpaka kwenye ubao wa kichwani. Jioni anarudia. Nakasirika, kisha namhurumia, maana sina kitu kingine cha kumpa apime.

Leo nimemkuta hapo tena, uso chini.

"Sentimita sitini na mbili," akasema. "Hakijashuka."

Mama alivuta pumzi mara mbili kabla ya kupata neno.

"Kitanda ni kizima, mwanangu. Inuka uniangalie mimi."

Akainuka. Rula ilibaki mkononi, hajui aiweke wapi.