Hodi Isiyo na Jina

Nikisikia mtu analalamika kwamba tovuti za nyumba zinamsumbua kwa kumtaka ajiandikishe kabla ya kuona picha, siku hizi nakaa kimya. Zamani ningekuwa wa kwanza kupiga kelele. Nilipotafuta nyumba ya kupanga Elerai, tovuti moja ilinitaka jina, namba ya simu na ninapoishi, eti ndipo inifungulie picha za sebule ya mtu. Nikasonya. Namba yangu ya nini? Nataka kuona vigae, sitafuti mchumba! Nikahamia tovuti nyingine iliyo wazi kwa kila mpita njia. Nyumba sikupata, nikabaki na chumba changu Kaloleni.

Hiyo iliyo wazi ndiyo niliyoikumbuka mama alipotaka wapangaji. Baba alikuwa ameshafariki, na mama amebaki peke yake kwenye nyumba yetu kule mlimani Meru, katikati ya migomba na kahawa. Nilimwomba ahamie kwangu, akakataa katakata. "Chumba kimoja, mimi na wewe na jiko la gesi? Niache na nyumba yangu." Alichotaka ni watu wa kukaa vyumba vya uani, asikie sauti za binadamu.

Nikamweleza kuhusu tovuti zote mbili. Ile ya kujiandikisha aliikataa yeye mwenyewe. Kwetu ukipiga hodi unajibiwa karibu kwanza, unaketishwa, unaletewa chai; jina na ukoo unaulizwa kikombe kikiwa mkononi. "Mtu amekuja kuona nyumba, unamsimamisha getini unamhoji kama polisi?" alisema. "Aingie, aone."

Siku ya kupiga picha alitandika vitambaa vyake vya kufuma na kufungua milango yote, hata wa chumbani kwake, kwa sababu alisema nyumba yenye mlango uliofungwa watu wataidhania mabaya. Alikuwa na furaha siku ile, jamani. "Piga na huku, mwanangu," ananielekeza. Nikapiga na mlango wa jikoni, ule wa nyuma usio na komeo, ambao baba alizoea kuufunga kwa kijiti kilichopitishwa kwenye pete mbili za chuma. Picha ilitoka safi, kijiti kinaonekana vizuri kabisa, na upenyo wa kupitisha vidole pembeni yake.

Wa kwanza kuja alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu. Mama alinisimulia kwa simu jioni ile, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Mgeni alipiga hodi, akakaribishwa, akatoa shikamoo kwa adabu zote. Kisha hakwenda uani kwenye vyumba vya kupangisha. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye mlango wa chumba cha mama, bila kuelekezwa na mtu. "Mama, lile kabati la buluu umelihamisha?" akauliza. Ni kweli, alikuwa amelihamisha baada ya siku ya picha. Mama akamwambia aketi, chai inachemka. Akajibu kwamba atarudi. Akapita jikoni, akakichomoa kijiti mwenyewe, akatokea mlango wa nyuma.

Nikalifuta tangazo papo hapo, nikawapigia wenye tovuti. Wakaniambia walioitazama nyumba yetu walikuwa zaidi ya mia. Ni akina nani? nikauliza. Kijana aliyepokea alicheka kidogo. "Dada, sisi hatuandikishi watazamaji. Ndiyo maana watu wanatupenda." Nilimtukana, na sijutii sana.

Najua mtaniambia kwamba mtu mbaya ataandika jina la uongo. Sawa. Basi angesimama pale mlangoni adanganye kwanza, kuliko kuingia chumbani kwa mama yangu kupitia picha, bila hata kubisha.

Jumapili iliyofuata mama alirudi kutoka kanisani akakikuta kijiti juu ya meza ya jikoni, kimelazwa sawasawa katikati ya kitambaa. Hakuna kilichoibwa, hata sukari. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana mwizi namwelewa. Balozi wa mtaa alikuja, akauliza kimepotea nini, tukasema hakuna, akatupa pole akaondoka. Fundi akaweka komeo la chuma. Nilimsihi mama tena ahame, akakataa, safari hii bila utani.

Juzi nilipanda kumwona, mchana kweupe. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa.

"Hodi!"

Nikasikia kandambili zake zikija, zikasimama nyuma ya mlango.

"Hodi, mama. Ni mimi."

"Mimi nani?"

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia mama akiuliza hivyo kabla ya kusema karibu. Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Nikataja jina langu, la baba na la babu, nimesimama kwenye kizingiti cha nyumba niliyozaliwa. Komeo halikusogea.

"Uko na nani?" akauliza.

Niligeuka nikatazama migombani kwanza, ndipo nikamjibu.